Sentensi nne za Tata

Kahawa ya kutafuna nachemsha mwenyewe, hata sasa ambapo meno yangu yamebaki ya kuhesabu. Siinunui ile ya kwenye vifuko. Nachuma mbichi, nachemsha na majani ya kunukia, naianika, na mvuke wake ukinipanda puani nakuwa tena mtoto wa Izimbya, hata kama nimeolewa huku Muleba na nimezaa na kuzika hukuhuku. Ndivyo nilivyokuwa juzi, sufuria jikoni, mwiko mkononi, na mjukuu wangu Asimwe wa darasa la tano amekaa kizingitini na daftari magotini.

"Bibi, na wewe ulisoma Kiingereza?"

Sasa mtu akikuuliza hivyo, na wewe uliishia darasa hilohilo la tano, unafanyaje? Nikainua kidevu. Nikazisema sentensi zangu zote nne za Kiingereza, bila kukwama, kama mtu anayesali Salamu Maria. Zilikuwa hazijatoka kinywani mwangu tangu nilipokuwa msichana, lakini zilitoka.

Asimwe akaacha mdomo wazi. Kisha akaanza kuzigeuza moja moja kwa Kiswahili, kidole hewani. "Baba yangu huenda ofisini. Baba yangu huvaa viatu. Baba yangu hula mkate na mayai. Baba yangu huendesha gari. Bibi! Kumbe babu wa zamani alikuwa na gari? La aina gani?"

Mwiko ukaniponyoka. Wenzangu wa rika langu, mnaojua Izimbya ya wakati ule ilikuwaje, mtacheka. Mimi sikucheka.

Niseme kwanza Tata, baba yangu, alikuwa mtu gani. Alikuwa mfupi, miguu imepasuka visigino kama udongo wa kiangazi, na wakati ule hakuwa amewahi kuweka kiatu mguuni. Alikuwa na kibanja cha migomba na kahawa alichoachiwa na baba yake, na alikitunza kama watu wengine wanavyotunza altare. Alfajiri anaingia na kisu chake kilichopinda, anakata majani makavu ya migomba, anayalaza chini, anamwambia kila mgomba neno. Mawe, yaani mama yangu, alikuwa akimtania, "Mume wangu ana wake mia tatu, na wote wamesimama wima." Tulikuwa watoto wawili tu tuliobaki hai, dada yangu Leokadia na mimi, wote wa kike. Mnajua maana yake kwetu. Watu walimhurumia Tata kana kwamba nyumba yake imeungua.

Leokadia hakusoma. Mimi Tata akanipeleka shule, na hapo majirani wakapata la kusema. Kulikuwa na mzee mmoja tuliyepakana naye, kila nikipita na daftari alisema kwa sauti, "Ta Pastory anamfundisha ng'ombe wa mwenzake kukamuliwa." Ta Pastory ndiye Tata, na maana yake mtoto wa kike ni wa kwa watu, elimu yake utakula wewe?  Tata alikuwa akikohoa tu na kupita. Nilimwona mara nyingi akikohoa hivyo, na kifua hakikuwa kinamuuma.

Turudi shuleni. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa kijana msafi, nywele zimechanwa njia, na siku hiyo alituandikia ubaoni namna ya kusema mambo ya kila siku. Akatueleza, "Hii ni kama hu yetu ya Kiswahili. Jua huchomoza. Mama hupika. Si la jana, si la kesho, ni mambo ambayo ndiyo desturi." Akasema kesho yake kila mtoto asimame, aseme sentensi nne za mambo ambayo baba yake hufanya.

Alianza Adventina. Baba yake alikuwa karani wa ghala la kahawa, mtu wa viatu na kalamu mfukoni. Adventina akasema ya baba yake, na yalikuwa ya kweli, tena yalifanana na picha za kitabu chetu. Mle kitabuni baba ni mmoja tu, ana tai, anakula mkate. Halafu zamu ikaja kwangu.

Miaka mingi nilikuwa najisemea kwamba sikuwa na maneno. Kwamba kitabu kile hakikuwa na kibanja, hakikuwa na kisu cha kukatia majani wala mtumbwi wa kukamulia lubisi, pombe yetu ya ndizi, na kwa hiyo nikadhani Kiingereza hakikutengenezwa kwa ajili ya watu kama Tata, kama vile duka lisilo na kiatu cha saizi yako. Kidogo ni kweli, nilidhani hivyo. Lakini nisiwafiche, nimezeeka na sina wa kumwogopa. Ukutani mle darasani kulikuwa na picha ya mtu na jembe, na chini yake imeandikwa kwa Kiingereza: mkulima. Neno nililiona. Nilikuwa nalitazama wakati nasimama. Mtu wa picha ile alikuwa hana viatu.

Nikazisema tatu za Adventina, na ya nne, ya gari, nikaiongeza mwenyewe.

Watoto wengine waliguna, maana Tata walimjua. Mwalimu pia alimjua. Lakini mwalimu alikuwa anasikiliza kama mwisho wa maneno nimeutamka vizuri, hakuwa anasikiliza habari za mtu. Akasema, "Safi kabisa. Makofi!" Wakapiga.

Na dirishani alikuwa amesimama Tata.

Alikuwa ameleta mkungu wa ndizi za walimu, ilikuwa zamu ya nyumba yetu. Bado ulikuwa kichwani, ameushika kwa mkono mmoja, na mkono wa pili anajaribu kupiga makofi kwenye ukuta.

Njiani kurudi alinibebea daftari. Tata, mbele ya watu, kabeba daftari la mtoto!

"Nimesikia neno *father*. Lile nalijua, ndilo tunalomwita padre. Ulikuwa unamsema padre?"

"Hapana, Tata. Ni baba. Nilikuwa nakusema wewe."

Akasimama. "Mimi? Umenisema nini?"

Nikamwambia, na hii ndiyo dhambi yenyewe, ile ya darasani ilikuwa mbegu tu. Nikamwambia: nimesema huenda kibanjani asubuhi, hukata majani makavu, huchuma kahawa, hukamua lubisi.

"Na hayo yote yana Kiingereza?"

"Yanayo."

"Hata majani makavu?"

"Hata hayo, Tata."

 Kisha akasema polepole, kwa Kihaya, kama anaongea na mgomba, "Basi na huko wanatujua."

Ningemwambia pale. Sasa barabara ilikuwa tupu. Lakini akasema, "Nifundishe."

Nikamfundisha. Jioni kwa jioni, yeye anakata na mimi nakusanya, sentensi nne kwa kazi nne. Alikuwa mzito wa ulimi lakini hakuchoka. Kila sentensi aliifunga kwenye kazi niliyomwambia. Akiingia kibanjani: huenda ofisini. Akichuma kahawa: hula mkate na mayai. Akikamua lubisi, akizikanyaga ndizi mbivu kwenye mtumbwi na nyasi kati ya vidole, anasema kwa furaha kwamba huendesha gari. Na kila akishusha kisu kwenye jani kavu: *My father wears shoes*. Jani linaanguka. *My father wears shoes*. Lingine. Kibanja kizima kikajaa viatu, na yeye yuko pekupeku katikati.

Mawe alicheka mpaka machozi, akidhani ni utoto wa uzeeni. Yule jirani wa ng'ombe alipopita, Tata hakukohoa tena. Alimtupia sentensi moja ya Kiingereza juu ya ua, kisha akaendelea na kazi. Jirani akageuza njia. Niseme ukweli, siku hiyo nilifurahi. Nilijiambia uongo wangu una faida. Mtoto hupata sababu haraka kuliko mtu mzima.

Basi wakaja watu wa Kahororo kumposa Leokadia.

Siku hiyo nyumba ilinuka majani mabichi. Mimi na Leokadia tulishuka rweya, kule uwandani, tukakata nyasi za kutandika sakafu nzima, laini, mpaka mtu akikanyaga anasikia ubaridi. Kibuyu cha lubisi kikawekwa, na kikapu kidogo cha kahawa. Wageni walikuwa watano. Msemaji wao aliitwa Ta Felician, baba mkubwa wa bwana harusi, mzee aliyekuwa karani mjini Bukoba miaka na miaka. Alikuja na viatu vyeusi, akavivua mlangoni asichafue nyasi, akaviweka sambamba. Nilipopiga magoti kumsalimia nikaviona vile viatu. Moyo ukaniambia: huyu anakijua Kiingereza.

Mazungumzo yalikwenda vizuri, utani, mafumbo ya ndizi na mbegu, mnavijua. Mpaka kijana mmoja wa upande wao, Projestus, akauliza kwa mdomo wa kejeli, "Na huyu mdogo tunasikia mnamsomesha. Mnamtengeneza awe padre?"

Wakacheka. Tata hakukasirika. Macho yake yaliwaka kama mtu aliyekuwa anangoja swali hilo tangu nilipozaliwa.

"Ta Felician, waitu," akasema kwa heshima, "wewe umekaa na Wazungu. Mtoto huyu amenifundisha mimi mzee maneno, nami nitawapa muonje. Lakini kwetu kitu hakimfikii mgeni kabla aliyekileta hajaonja."

Ndivyo tulivyo, na Mhaya yeyote anajua. Mwenye lubisi hunywa funda la kwanza mbele ya mgeni, mwenye kahawa hutafuna ya kwanza, ili mgeni ajue hamna sumu. Kwa hiyo akanigeukia. "Mwana wange, wewe ndiwe uliyeyaleta. Onja kwanza."

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye nyasi.  Nilikuwa na kila kitu mbele yangu: Tata, Ta Felician, mlango wazi, na lile neno la ukutani, mkulima, ambalo sikuwa nimelisahau hata siku moja. Ningelisema hilo tu. Sentensi moja ya kweli, hata mbovu. Hakuna ambaye angeona tofauti ila Ta Felician, na yeye angeona kweli.

"Usiogope, wageni ni wetu," Tata akasema. "Onja."

Nikazisema nne zilezile. Nilizisema nikitazama nyasi.

Kisha Tata akasimama azirudie. Hakuzisema mikono mitupu, alizisema na kazi zake. Kwa gari akakanyaga ndizi zisizokuwapo, kushoto, kulia, akitabasamu. Na kwa viatu akainua mkono juu, akashusha kisu kisichokuwapo, akakata jani.

Projestus akapaliwa na lubisi. "Baba mkubwa! Huyu mzee anasema ati…"

"Projestus." Ta Felician hakupaza sauti. "Nenda nje ukaangalie baiskeli."

"Baiskeli zina nini?"

"Zinakungoja."

Kijana akainuka, mkono mdomoni, mabega yanatikisika. Akipita mlangoni alitazama viatu vya baba yake mkubwa, halafu akageuka akaitazama miguu ya Tata. Na Tata akafuata macho yake. Akaitazama na yeye, miguu yake mwenyewe, kama vile mtu kamwekea kitu hapo chini.

Ta Felician akanyoosha mkono kwenye kikapu, akachukua punje ya kahawa, akaitafuna taratibu. "Nimeonja," akasema kwa Kihaya. "Ta Pastory, mtoto wako ana ulimi. Huyo mwingine tunamwomba hivyohivyo." Mazungumzo yakarudi kwa Leokadia. Tata akakaa. Akaivuta miguu yake, akaificha chini ya mkeka.

Jioni tulipowasindikiza, Ta Felician alinibakiza nyuma akijifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Ni wewe uliyezitunga?"

"Ndiyo, waitu."

"Anajua?"

Nikatikisa kichwa.

"Mimi siwezi kumvua mtu viatu ndani ya nyumba yake," akasema. "Wewe ndiwe uliyemvisha. Utamwambia?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Leo."

Akanitazama, akaridhika, au alifanya adabu ya kuridhika. Mzee yule nilimdanganya pia, hata kabla hajafika baiskeli yake.

Tangu siku ile Tata hakusema tena zile sentensi kibanjani. Alikata majani kimya. Mimi nikasema moyoni, amezichoka, amesahau, asante Mungu. Kimya chake nikakipokea kama zawadi. Kumbe kimya kile kilikuwa kinangoja mtu, na mtu mwenyewe ni mimi.

Nafasi ya mwisho alinipa mwenyewe, siku ya kumtoa Leokadia. Mkwe alileta shuka ya Mawe na jozi ya viatu vya baba mkwe. Vyeusi, vya ngozi, vinanuka duka. Tata akakalishwa kwenye kiti, akavishwa, wanawake wakapiga vigelegele. Akasimama. Alitembea kama jogoo aliyefungwa kamba, hatua tatu, nne, kwenye nyasi. Watu wakacheka kwa furaha. Kisha akaanza kutafuta kwa macho katikati ya watu, mpaka akaniona.

Alikuja hadi niliposimama. Akasema polepole, kila neno mahali pake:

"*My father wears shoes*."

Hiyo tu. Katika zote nne, alichagua hiyo. Mkono wake haukukata jani lolote, ulikuwa umetulia pajani.

"Mwana wange. Leo nimesema sawasawa?"

Alikuwa amejua. Sijui alimuuliza nani, au kama aliuliza. Labda miguu yake ilimwambia siku ileile. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililonishinda, maana hasira ningeijibu kwa machozi tukamaliza. Alikuwa ananifungulia mlango tu, na yeye kasimama kando ili nipite.

"Sawasawa, Tata," nikasema. Nikaenda kuangalia mbuzi.

Mbuzi walikuwa wamefungwa vizuri. Nilikaa nao mpaka ngoma zilipoanza.

Mwaka uliofuata Mawe aliugua na mimi nikaacha shule nimhudumie. Tata alisema, "Akipona utarudi," lakini hakupona upesi, na mimi sikuomba kurudi. Viatu alivivaa Pasaka na siku za mazishi ya watu, vinginevyo vilikaa sandukuni vimejazwa majani makavu ya mgomba visipoteze umbo. Alizikwa kibanjani mwake, katikati ya wale wake zake mia tatu. Nilikuja kutoka Muleba, nikalia kuliko wote, watu wakasema, ee, alimpenda baba yake. Nikawaacha waseme.

Sasa mnaona kwa nini mwiko uliponyoka.

Maana Asimwe hakuishia kuuliza. Alikuwa ameshaandika. "Mwalimu ametuambia tuandike ya mzee wa nyumbani kwetu, kesho tusome mbele ya darasa. Nitasoma hizi, Bibi! Hakuna mwenye babu wa namna hii. Ofisi na gari, tena enzi zile!" Na macho yake yalikuwa yanang'aa, nami macho yale nayafahamu.

Nikaona ule uongo unasimama tena na kujipanguza nyasi magotini, tayari kwenda shule.

"Futa," nikamwambia.

"Kwa nini? Nimekosea wapi?"

"Hujakosea wewe."

Nikaketi naye kizingitini, nikamwambia yote, kama nilivyowaambia ninyi, na jirani wa ng'ombe, na mkungu kichwani, na mbuzi. Mbuzi ndio walionikwamisha zaidi. Hakucheka hata penye kuchekesha. Aliponiona nimemaliza alifuta, mpaka karatasi ikachanika kidogo, akapuliza vumbi la raba.

"Sasa niandike nini?"

"Andika alikuwa mkulima. Kazini hakuvaa viatu. Alikata majani makavu ya migomba na kuzungumza nayo."

Akafikiri, penseli kwenye meno. Kisha akanitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa na mtoto niliyemlea mwenyewe.

"Bibi, hii ndiyo ya kweli? Maana na zile za kwanza ulizisema hivihivi."

Ningejibu nini? Aliuliza haki yake. Nikaepua sufuria, nikaiopoa kahawa kwenye kikapu, nikachukua punje moja, bado ya moto, nikaitafuna kwa jino langu la upande wa kushoto, mbele yake, mpaka nikaimeza. Ilikuwa chungu. Kisha nikamsogezea kikapu.